Pikapu ya Mama Nabwire na Kijiti cha Kizuizini

Kila mara anakuja mmoja wenu hapa kwangu na pikapu yake, anataka nimwambie kama magurudumu makubwa yataingia bila kugusa. Swali langu la kwanza huwa moja: unakwenda wapi? Hampendi swali hilo. Wa juzi alinijibu, "Mzee, siendi mahali. Nataka tu ikae juu." Nikamuuliza ikae juu ya nani. Akacheka, akanionyesha picha kwenye simu.

Basi nimeona niandike, nyinyi vijana wa gereji za Busia na Malaba msome, nipumzike kurudia kwa mdomo. Nilifunga magurudumu makubwa wakati ambapo hakuna aliyetaka gari likae juu kwa urembo. Mtu alitaka lipite. Namna ya kuifanya kazi nitawaambia, kwa sababu kazi yenyewe haina ubaya. Yaliyobaki mtanivumilia. Sikuwahi kuyazoea.

Mimi sikuanza kama fundi. Nilimaliza chuo kikuu Nairobi, nikapewa kazi ya kufundisha historia katika shule moja upande wa Butula. Mwalimu mkuu alipenda mwalimu anayesoma kitabu na kukifunga. Mimi nilikisoma, kisha nikawauliza wanafunzi nani alikiandika na nani alimlipa. Tulivumiliana kwa muda, tukachokana. Nikaenda Malaba kumtafuta binamu yangu, nikamkosa, nikabaki. Mzee Wandera, mwenye gereji kando ya njia ya malori, aliniajiri kwa kuwa nilijua Kiingereza cha vitabu vya magari. "Utatusomea," aliniambia, "na ukichoka kusoma utashika spana." Nilichoka upesi. Vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya barabara ambazo sijaziona mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati kahawa ya Uganda inavuka mpaka usiku na mchana. Kule mkulima hakupata cha maana kwa kahawa yake, na huku bei ilikuwa imepanda mpaka watu wazima wanaiota. Ilivuka vichwani, ikavuka kwa baiskeli, ikavuka kwa punda. Ikishavuka ilingojwa na pikapu kwenye njia za mashambani, zile za udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unageuka uji. Pikapu kama ilivyotoka dukani ililala hapo kwa tumbo. Ndiyo maana watu walitujia.

Hata magurudumu yalitoka ng'ambo. Yalikuwa ya magari ya jeshi yaliyokufa, na watu waliyabingirisha mpaka kwenye maji ya mto, wakayasukuma yakaelea, wakayapokea huku. Nani aliyaua magari hayo na yalikuwa yamebeba nani, niliuliza mara moja tu. Mzee Wandera alisema, "Gurudumu halina kabila wala dini. Funga."

Fundi mkuu alikuwa Etyang, Mteso wa Amukura, mrefu, mwenye mdomo, aliyeamini kwamba chuma hutii ukikipigia kelele. Tulipata shida mapema. Rimu za jeshi zilikuwa na mashimo ya nati yanayolingana na pikapu zetu, lakini tundu la katikati lilikuwa pana mno. Mnaelewa maana yake? Gurudumu halikukaa kwenye kitovu, lilining'inia kwa nati peke yake. Safari fupi tu, nati zimelegea. Dawa ya Etyang ilikuwa kukaza zaidi. Alipanda juu ya spana na kuruka kama anacheza ngoma, mpaka bolti zikakatika.

"Kwa nini tusizibe ile nafasi?" nikamuuliza.

"Kwa nini, kwa nini. Huko chuo ulisomea kwa nini?"

"Ndiyo. Miaka mitatu."

"Wakakupa cheti cha kwa nini, na bado uko hapa umeshika jeki yangu."

Tulizozana asubuhi nzima, na kufikia mchana tulikuwa tunakata pete za chuma za kuvisha kwenye kitovu ili rimu ikae imara. Etyang aliwaambia watu ni yeye aliyezivumbua. Mimi naamini ni mimi. Sote wawili tulikuwa tunapiga kelele, kwa hiyo hakuna shahidi. Nyinyi mnazinunua tayari dukani na hamjui kuna mtu aliwahi kuzigombania.

Jambo lingine ni breki. Gurudumu kubwa ni zito, na likishaanza kuzunguka halisikii haraka. Ngoma ya breki ni ileile ndogo, mguu wako ni uleule. Nilimwambia kila mteja. Dereva mmoja wa kahawa alinitazama kwa huruma akasema, "Ndugu yangu, breki ni ya mtu aliyefika." Sijui alifika au hakufika. Tulikuwa hatuwaulizii.

Na spidi mita. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko mmoja unakula njia ndefu zaidi, lakini mita haijui, inahesabu mizunguko. Kwa hiyo inasema uongo upande wa chini. Mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi Butula alileta pikapu ya shamba lake, tukamfungia. Akarudi amefurahi sana. "Bwana, tangu unifungie hizi, kwetu Khunyangu kumesogea karibu na Malaba." Nikamweleza hesabu ya mzingo wa duara, chini kwenye vumbi, kwa kijiti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lakini usimwambie mke wangu. Amefurahi tumekuwa karibu na mjini."

Lakini nataka kuwaambia habari za kupima, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika.

Gurudumu kubwa linaweza kuzunguka vizuri gari likiwa tupu, kisha ukipakia mzigo springi zinashuka na tairi linaanza kula madigadi. Ukikata kona kali ndiyo mbaya zaidi. Sisi tulipaka chaki ndani ya madigadi, tukapakia gari, tukalizungusha kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, tukashuka kutazama chaki imefutika wapi. Palipofutika tukagonga nyundo mpaka bati likarudi nyuma. Mzigo wa kupimia ulikuwa watu. Siku ya soko Malaba hukosi watu. Etyang alisimama njiani akaita, "Haya, wazito kwa wazito, wembamba mkae nyumbani," na wanawake wenye magunia na wanaume wasio na kazi wakapanda nyuma, wakazungushwa wakicheka. Mwenye gari aliwanunulia chai na mandazi. Ilikuwa desturi kabisa, mpaka wengine waliuliza asubuhi, "Leo hakuna gari la kupimwa?"

Mama Nabwire alikataa desturi hiyo. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Sio Port, mama wa Kisamia, mpana, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji. Pikapu aliinunua mwenyewe, na aliiendesha mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa Malaba walikuja kulitazama. Kila masika barabara ya ziwani ilimkamata, na samaki hawangoji barabara ikauke. Alichoka kumwaga samaki mtaroni. Akaja anataka magurudumu makubwa.

Siku ya kupima Etyang akaanza kuita watu. Mama Nabwire akamkata. "Mimi sibebi watu. Watu wanajishikilia. Samaki wangu wanahama."

"Mama, uzito ni uzito."

"Mwanangu, umewahi kuona kikapu kikiomba msamaha kwenye kona?"

Akapakia vikapu vyake vya samaki wakavu na wabichi, gari likanuka mpaka malori yakapandisha vioo, na kweli, kwenye kona vikapu vilihamia upande mmoja na chaki ikafutika mahali ambapo haijawahi kufutika na watu. Nilifurahi sana siku ile. Si kwa sababu Etyang alishindwa, ingawa hilo nalo lilinifurahisha. Nilifurahi kuona mtu anauliza kabla ya kukubali. Tuligonga madigadi upya. Magurudumu yake madogo ya zamani aliyaacha kwa Mzee Wandera, kama wateja wote, yakapunguziwa kwenye bei.

Masika yale Mama Nabwire alipita. Samaki walifika Matayos, walifika Busia mjini, wabichi. Aliacha kuwakodi watu wa baiskeli. Alianza kuzungumzia kununua barafu.

Kisha amri ikaja. Ilitoka wapi hatukuambiwa. Pikapu ndefu kwenda juu zinabeba magendo, zikamatwe. Hilo la kwanza lilikuwa kweli, nyingi zilibeba. Lakini ndefu ni ipi? Kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda ziwani, mkubwa wa pale alitatua swali hilo kwa kukata kijiti cha mkaratusi. Kijiti kilisimamishwa wima chini ya bampa ya nyuma. Kikisimama bila kugusa, gari ni refu, ni la magendo, kando. Kikigonga bampa kikalala, gari ni halali, pita.

Fikirini hapo kidogo kabla sijaendelea. Mimi nilifikiri, na nikaenda mwenyewe kusimama kando ya kizuizi kutazama, kwa sababu sikuamini. Pikapu ya kahawa ilikuja. Niliijua, niliifunga kwa mikono yangu, magurudumu yake yalikuwa makubwa kuliko ya Mama Nabwire. Lakini ilikuwa imeshindiliwa magunia mpaka springi zimekunjwa kinyume, bampa iko karibu na ardhi. Askari akaweka kijiti. Kikalala. "Pita." Nyuma yake ikaja pikapu ya mchungaji mmoja, tupu, imeinuka kwa ajili ya matope ya kwao. Kijiti kikasimama. "Kando."

Kijiti kilikamata gari tupu na kuachia lililojaa.

Walimkamata Mama Nabwire akirudi ziwani, ameshauza samaki, nyuma hana kitu ila vikapu vitupu. Dereva wa lori ndiye aliyetuletea habari. Nilimwomba Mzee Wandera aje aseme alimfungia mama yule magurudumu kwa ajili ya matope na samaki. Alikuwa anakunywa chai. Hakuacha.

"Nikienda, wataniuliza nimewafungia nani wengine."

"Utawaambia."

"Wewe kijana, wale wengine ndio wanaotulisha. Na baadhi yao wanakula na huyo mkubwa wa kizuizi."

Nikaenda peke yangu. Nilimkuta Mama Nabwire ameketi kwenye ubao wa nyuma wa pikapu yake, amekunja mikono. Mkubwa wa kizuizi alikuwa kijana, labda rika langu, mtanashati, mwenye adabu. Nilimsalimu, nikamwambia nina jambo la kumwonyesha. Akasema, "Onyesha, mwalimu." Watu walikuwa wengi, kizuizi hakikosi watu. Nikawaomba wapande nyuma ya pikapu. Walijua mchezo ule, walipanda haraka, wengine wakauliza chai iko wapi. Pikapu ikashuka. Nikachukua kijiti mkononi mwa askari, nikakiweka chini ya bampa. Kikalala.

"Sasa ni halali," nikasema. "Gari ni lilelile. Kijiti chenu hakipimi gari, afande. Kinapima mzigo, tena kinapima kinyume."

Watu walicheka. Hata askari wawili walicheka. Niliona kwamba hoja imeshinda, na kwa mtu aliyesoma kama mimi, hoja ikishinda nilidhani kazi imekwisha. Mkubwa naye alitabasamu. Aliwashusha watu, akazunguka pikapu polepole, akarudi.

"Mwalimu, asante sana. Nilikuwa nafikiri gari hili lina kosa moja, kwamba ni refu. Kumbe linaweza pia kuficha urefu wake."

"Si gari, ni springi."

"Mama," akamwita Mama Nabwire, "mimi si mtu mbaya. Gari lako sina kesi nalo. Gari liko huru. Kilichokosa ni magurudumu. Hayo yatabaki kama ushahidi."

"Ushahidi wa nini?" Mama Nabwire akauliza.

"Wa kwamba yalikuwa hapa."

Wakaleta mawe. Askari wake walikuwa wepesi na jeki kuliko Etyang. Wakaondoa yote manne na lile la akiba, wakayabingirisha nyuma ya kibanda chao, na pikapu ikabaki juu ya mawe kando ya barabara, huru. Mama Nabwire hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Niletee yale madogo yangu. Yale ya kwanza."

Nikarudi Malaba. Hapo ndipo nilipojifunza biashara. Tangu kijiti kianze, wenye pikapu za kahawa waliokuwa na akili walitaka magurudumu madogo ya mchana, kwa zile safari za kupita wakiwa watupu, na makubwa wayaweke porini. Mzee Wandera aliwauzia madogo yote aliyokuwa ameyapokea wakati anawauzia makubwa. Ya Mama Nabwire yalikwenda ya kwanza kwa sababu yalikuwa bado mazuri. Nikazunguka gereji za Malaba, nikazunguka Busia. Hakuna gurudumu dogo lililolala bure. Kwa mwenye gereji mmoja nilikuta mawili, tena hayakulingana. Mnajua, au mjue leo, kwamba ukifunga magurudumu ya ukubwa tofauti kwenye ekseli moja ya nyuma, upande mmoja na mwingine vinavutana muda wote na difu, ile gia ya katikati ya ekseli, inajitafuna mpaka inakufa. Ningemfungia, angefika kwake, na pikapu ingemfia mlangoni.

Mvua ilinyesha wiki ile. Mama Nabwire alilala kwa ndugu zake Matayos na kila asubuhi alikwenda kuikagua pikapu, kwa sababu gari lililo juu ya mawe kando ya barabara linapungua kila siku. Kioo cha pembeni kilikwenda. Betri ikafuata. Ziwani wavuvi walikuwa wamempa mteja mwingine samaki wake, na nani atawalaumu, samaki hawangoji kesi. Mzee Wandera alipomfuata na kumwambia ataichukua ilivyo, hapo hapo ilipo, alikubali. Bei siitaji. Nilikuwepo, na sikuona mtu akipatana, niliona mtu akisaini.

Kesho yake Mzee Wandera akatutuma mimi na Etyang na jeki. Nilimuuliza jeki ya nini, gari halina magurudumu. Akasema, "Mtayakuta."

Tuliyakuta. Tulipofika tu, yule mkubwa alitoa amri, na askari wakayabingirisha kutoka nyuma ya kibanda, yote, na la akiba, yameoshwa. Ushahidi ulikuwa umekwisha. Etyang alichuchumaa, akaanza kufunga. Nami nikafunga upande wangu. Kama mnataka kujua, hivyo ndivyo nati zinavyokazwa: hii, kisha inayoitazama ng'ambo, usizifuate kwa mzunguko, la sivyo gurudumu linakaa upande.

Mama Nabwire alikuja kuchukua vikapu vyake. Alikuwa na mtu wa baiskeli. Alisimama akatazama.

"Ni yale yangu?"

"Yalikuwa," Etyang akasema, bila kuinua kichwa.

Upande wa pili wa barabara magunia ya kahawa yalikuwa yanangoja chini ya turubai. Tulipoteremsha jeki, vibarua wakaanza kupakia, hapo hapo mbele ya kibanda, na springi zikaanza kushuka. Mama Nabwire alihesabu kwa macho mpaka bampa ilipokaribia ardhi. Kisha akanigeukia.

"Msomi. Kile kijiti sasa kitasema nini?"

"Kitasema pita, mama."

Akafunga vikapu kwenye baiskeli, akavuta kamba mpaka ikakaza, akaijaribu kwa mkono kama mtu anayejua mzigo unahama.

"Basi kosa langu," akasema, "ni kwenda nyumbani mtupu."